Madam na Hori la Nne

Ukimwambia asante, alikuuliza ya nini. Si kwa upole wa wale wanaosema "usijali," la. Alikuuliza kama anayedai jibu, macho yamekukazia juu ya miwani, na usipokuwa na jibu alikuambia uende ukakae. Wanafunzi wapya walidhani ana kiburi. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo muhula mzima wa kwanza, na nilimsengenya bwenini kwa moyo mkunjufu kabisa.

Alikuwa mwalimu wetu wa elektroniki ya dijitali katika chuo cha ufundi pale Lodwar. Tulimwita Madam, na mlinzi wa langoni alimwita hivyo, na wauza samaki wa sokoni, na hata padri. Leo mimi ni fundi wa sola na pampu mjini Kakuma. Nina gari la kazi na vijana wawili ninaowaongoza, na kila ujuzi unaoleta ugali nyumbani kwangu ulipitia mikononi mwake kwanza. Kwa hiyo naandika shukrani ambayo mwenyewe hataki kuisikia. Atanisamehe au asinisamehe, shauri yake.

Niseme mapema kinachoniwasha. Katika Turkana yote palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Madam alikatazwa kukanyaga: kisima kimoja upande wa Kaaleng, kwa kina mama yangu. Alikatazwa kwa sababu alisimama kati yangu na hasira za watu. Tangu siku hiyo nilitamani jambo moja, kwamba arudi pale akiwa ameitwa. Nitafika huko. Kwanza mumjue alivyo.

Alikuwa anaogopa mbuzi. Mtu anayeogopa mbuzi kuishi Lodwar ni sawa na anayeogopa mchanga, maana mbuzi wako sokoni, wako benki, wako kwenye ngazi za ofisi za serikali wakitafuna matangazo. Madam alikuwa akiona beberu mbele yake, anavuka barabara, na akimkuta mwingine ng'ambo, anasimama katikati ameshika mkoba kifuani hadi mtu apite amfukuzie. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini huyo huyo, akiingia darasani, mifano yake yote ilikuwa mbuzi.

"Sikilizeni," alituambia siku ya kwanza. "Nataka mlinzi wa zizi asiyelala. Mbuzi aingie kama ni wetu NA jua limezama. AU kama ni mgonjwa, aingie saa yoyote. Haya, nijengeeni."

Tukajenga kwa chipu ndogo ndogo, moja ya kazi ya NA, nyingine ya kazi ya AU, nyaya zimejaa juu ya ubao kama matumbo ya mbuzi mwenyewe. Waya mmoja ukilegea, taa ya kumruhusu mbuzi haiwaki, na huujui ni upi. Tulihangaika siku nyingi. Taa ilipowaka tulipiga vigelegele, wengine wakaruka kama wako kwenye ngoma. Madam akangoja tutulie, kisha akasema, "Vizuri. Sasa mwenye mbuzi amebadili mawazo. Mgonjwa asiingie kabisa, atawaambukiza wengine."

Tuliguna darasa zima. Maana yake ilikuwa kung'oa kila kitu na kuanza upya.

Hapo ndipo alipotoa chipu moja mfukoni, nyeusi, haina hata sura. "Ndani ya hii," alisema, "mna malango ya NA na malango ya AU chungu nzima, na hakuna aliyeyapangia kazi. Zile nyingine zilitoka kiwandani zikijua zitakuwa nini. Hii imetoka ikingoja kuambiwa. Wewe ndiye utakayesema lango lipi liungane na lipi. Mwenye mbuzi akibadili mawazo, hushiki waya hata mmoja. Unabadili maneno yako tu."

Baadaye nimesoma vitabu vinene juu ya vifaa hivyo vya mantiki inayopangika, vyenye michoro ya kuumiza macho. Sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi ya pale.

Kwenye kabati lake alikuwa na sanduku la chipu za zamani ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena. Zile zina fyuzi ndogo sana ndani, na kuzipa kazi ni kuzichoma fyuzi zisizotakiwa. Ukishachoma umechoma, maji yakimwagika hayazoleki. Kila mwanafunzi alipewa moja tu katika masomo yake yote. Kabla hujachoma, unasimama mbele ya wenzako, unasema kwa mdomo wako chipu yako itafanya nini katika kila hali, bila kutazama karatasi. Halafu Madam anageukia darasa: "Kuna mwenye swali?" Na wenzako wanakuchambua bila huruma.

Mwenzetu mmoja, Ekai, alikuwa na haraka kama mtu anayefukuzwa na siafu. Alisema sentensi zake mbio, akachoma, na taa yake ikawaka. Ilipoambiwa izime haikuzima. Alisahau kueleza mbuzi asiye wetu afanywe nini, basi zizi lake likapokea kila aliyepita. "Hilo si zizi tena, ndugu," Madam alimwambia, "hilo ni stendi ya magari." Akaichukua ile chipu, akaigongomea kwenye ubao uliokuwa nyuma ya mlango, na chini yake akaandika jina la Ekai. Ubao huo tuliuita Makaburini. Kila chipu iliyoharibika ilizikwa pale na jina la mwenyewe, na usidhani ni majina yetu tu. Jina lililoonekana mara nyingi kuliko yote lilikuwa la Madam. Ekai alikwenda kuyatazama majina yale, akarudi, akakaa wima.

Kulikuwa na chipu za namna nyingine tena, zenye kidirisha kidogo cha kioo juu. Hizo hufutika zikipigwa na mwanga mkali wa taa maalumu, halafu unaziandika upya. Taa yetu ilikufa, na maombi ya kuletewa nyingine yalizunguka ofisini mpaka tukayasahau. Madam hakulalamika. Alipanda kwenye paa la karakana kwa ngazi, na umri ule, sketi ameikunja kwa pini, akazipanga chipu juu ya mabati vidirisha vikitazama mbinguni. "Jua la Lodwar linatupiga bure kila siku," alisema. "Leo lifanye kazi." Baada ya wiki hivi tulizishusha zikiwa hazikumbuki chochote. Wageni kutoka Nairobi walipokuja kukagua chuo walimwona yuko juu ya paa, wakauliza kama ni fundi wa mabati.

Alikuwa bahili wa waya. Kipande kifupi kama kidole alikiokota sakafuni na kukirudisha koponi. Lakini muda wake aliumwaga. Nilipougua malaria akanitoa bwenini na kunilaza kwake mwezi mzima, akinikorogea uji usiku na mchana. Siku ya kuondoka nilimwambia asante, nikiwa na machozi. "Ya nini?" akasema. "Kitanda kilikuwa tupu." Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Nilitoka pale nikipiga mlango.

Zawadi ndiyo hakupokea hata kidogo. Baba mmoja wa upande wa Eliye Springs alimletea samaki waliokaushwa vizuri, gunia zima, kwa vile kijana wake alikuwa amepita mtihani. Madam akalirudisha gunia mlangoni kwa mkono wake. "Nikila samaki wako, baba, mwakani nitamwona mwanao ana akili kuliko alivyo." Yule mzee aliudhika, maana kwetu kurudishiwa kitu ulichotoa ni kama kufukuzwa. Tulijaribu kumweleza Madam hivyo. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, na kuku aliyeletwa wiki iliyofuata akarudishwa vilevile. Kwa jambo hilo alikuwa mkaidi na nilimwona mkosaji, na bado namwona.

Kiturukana chake kilikuwa neno moja. "Ejok!" alisalimia, kwa sauti kubwa, na ukimjibu "Ejok-noi" na kuendelea kuuliza habari za nyumbani, alikimbilia Kiswahili kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, chetu kilikwenda kikichechemea, na hakuna siku alitusahihisha. "Mimi sikuajiriwa kwa hilo," alisema. Alichosahihisha ni fikra. Ukisema "nafikiri itafanya kazi," alikukata: "Itafanya kazi lini? Isipofanya itafanya nini?"

Jumamosi alipanda gari kwenda Kakuma, kwenye darasa la mabati ndani ya kambi ya wakimbizi, kuwafundisha vijana wasioweza kutoka pale bila kibali. Nilimsindikiza mara nyingi. Mle ndani ni joto la tanuri. Kijana wa Sudan Kusini anaulizana na mwenzake kwa Kiarabu cha Juba, Msomali anatafsiri kwa jirani yake, na Mkongo mmoja mwenye sauti nyembamba husema, "Mwalimu, apana kwenda mbio, unielezeye tena ile ya fyuzi." Naye hueleza tena, hata mara ya tano, bila uso kubadilika. Siku moja nilimwuliza kwa nini darasani Lodwar ni mkali na huku ni mpole. "Nyinyi mkikosa mnaweza kwenda kutafuta kwingine," alisema. "Hawa wakikosa hapa wamekosa." Akaomba maji ya kunywa.

Sasa swali lake. Kila mwanafunzi aliyepita kwake atakuambia lile swali, hata umwamshe usingizini: "Umeme ukirudi, je?" Lodwar umeme ulikatika tukiwa katikati ya somo, ukarudi, ukakatika. Madam aliuona ule usumbufu kuwa ni sehemu ya somo. "Msiniambie kifaa kinafanya nini kikiwa macho," alisema. "Kikiwa macho kila kifaa kina adabu. Niambieni kikiamka kinaanza na nini." Alimwuliza swali hilo mwenye jokofu la maziwa, akamwuliza katekista aliyeleta spika mpya kanisani. Katekista alimjibu kwamba Mungu atajua, naye akasema, "Mungu anajua. Wewe je?"

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesahau kulijibu swali lake mwenyewe sawasawa, na ndipo tunafika kwenye kisima.

Shirika moja lilichimba kisima kirefu kwa kina mama yangu, likaweka paneli za sola, pampu, na mahori manne ya kunyweshea mifugo, kila upande wa kijiji na hori lake. Pampu haikuwa na nguvu ya kuyajaza yote kwa pamoja. Mwanzoni valvu za kupitisha maji zilifunguliwa kwa mkono, na kila aliyefungua alikuwa na jamaa zake, basi kila siku ni kelele. Wazee wakaomba mashine isiyo na jamaa. Ombi likanifikia mimi, maana nilikuwa nimeanza kazi Kakuma, nami nikamkimbilia Madam.

Tulitengeneza kisanduku chenye chipu moja ya kupangika, ya kisasa. Kila hori lilikuwa na boya. Maji yanaingia hori la kwanza mpaka boya linyanyuke, kisha valvu ya pili inafunguka, ya tatu, ya nne, halafu tunarudi mwanzo. Tulikaa na wazee kuuliza nani atangulie. Wakatueleza yanayojulikana kwetu: aliyechimba kisima, mifugo wake hutangulia kunywa. Kabla ya kisima kirefu palikuwa na cha mkono pale pale, na waliokichimba ni watu wa mama yangu. Hori la kwanza likawa lao. La nne likawa la nyanya mmoja mjane, ambaye watu wake walihamia pale baada ya wengine wote.

Madam alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Naona hata sasa jinsi ile desturi ilivyomgusa. Akasema, bila kuulizwa na mtu, "Basi umeme ukirudi, ianze kwa wenye kisima. Ndiyo heshima ya hapa." Nikatafsiri, wazee wakafurahi, na mstari huo akauandika mwenyewe kwenye programu.

Kisanduku kilifanya kazi vizuri sana hadi yalipokuja mawingu. Si mawingu ya mvua, ni yale ya kupita tu, yanatia moyo bure. Wingu likifunika paneli, kisanduku kinazima. Likipita, kinaamka. Na kila kikiamka kinaanza kwa wenye kisima. Ngamia wa hori la kwanza wanakunywa huku maji yanaingia, kwa hiyo halijai upesi, na kabla zamu haijafika mbali wingu jingine limekuja. La kwanza likawa halikauki. La nne halikupata kitu. Mbuzi wa nyanya walilamba simiti. Waliokuwa na mimba wakaanza kuharibu, na vitoto vilivyokuwa vimezaliwa vikafa.

Nyanya alikuja asubuhi mpaka kwa mama yangu, akasimama nje, akasema, "Kisanduku chenu kina ndugu."

Mjomba wangu akamjibu vibaya, kama kawaida yake. Kufika mchana vijana wa pande zote mbili walikuwa wamekaa na fimbo, wakitazamana. Mama akanipigia simu. "Akiru, umetufanyia nini? Wanasema ulisomea Lodwar kuiba maji bila kutumia mikono." Mungu wangu, niliumia. Nilikuwa nimekifunga kile kisanduku mimi mwenyewe, kila mtu aliniona juu ya ngazi, na hori lililofaidi ni la wajomba zangu. Ningekuwa mimi ni wao ningeamini hivyo hivyo.

Nikampigia Madam. Hakuuliza maswali. Alipanda lori la bidhaa mpaka Kakuma, nikamchukua, tukaenda.

Hakufungua kisanduku. Aliomba watu wote wasogee, pande zote mbili, akavua leso mabegani, akamwambia kijana wa upande wa nyanya aifunike paneli. Pampu ikanyamaza. "Ondoa." Maji yakaingia hori la kwanza. "Acha yaende." Yakaenda, yakavuka la pili. "Funika. Ondoa." Hori la kwanza. Akarudia tena na tena, mpaka hata watoto wakawa wanasema kabla maji hayajatoka: la kwanza!

Kisha akageuka. "Akiru, tafsiri. Usiongeze, usipunguze." Akasema: "Hiki kisanduku hakina ndugu na hakina uchawi. Kinakumbuka sheria, lakini kikizima kinasahau zamu ilifika kwa nani. Nilipaswa kulijua hilo, nalifundisha kila siku. Huyu msichana hakuandika mstari huo. Niliandika mimi. Mbuzi waliokufa, walikufa kwa kosa langu."

Nilitaka kusema "tuliandika," nilitaka kutia maneno ya kulainisha. Akanitazama juu ya ile miwani. Nikatafsiri yote kama yalivyo, mbele ya wajomba zangu na mbele ya wale vijana, na nikaona fimbo zinawekwa chini moja moja.

Nyanya akaniambia, "Mwambie nimesikia. Mwambie mbuzi wangu hawawezi kusikia. Arekebishe, halafu asikanyage hapa tena."

Alirekebisha. Zile valvu, umeme ukikatika, hubaki zilivyokuwa: iliyo wazi inabaki wazi. Na kila valvu ilikuwa na waya wa kutoa taarifa ambao hatukuutumia. Madam akaing'oa ile chipu, akaweka nyingine, akaziunganisha nyaya hizo kwake, akaandika programu upya: ukiamka, usianze kwa yeyote. Kwanza ziulize valvu ni nani aliyekuwa anakunywa, uendelee naye. Akafunika paneli, akaondoa, na maji yakaendelea pale yalipoachia, mpaka hori la nne likajaa na boya lake likanyanyuka. Hakungoja kupewa hata maji ya kunywa. Alipanda gari, tukarudi Kakuma.

Lile shirika lilikuwa limemwahidi kazi ya visima vingine. Habari zikafika, kazi ikaenda kwa watu wengine. Sikumsikia akilalamika. Nilipokwenda chuoni baadaye nilikuta Makaburini chipu mpya, nzima kabisa, ya kuandikika upya hata leo. Ni ile aliyoing'oa kisimani na kuweka nyingine. Chini yake jina lake.

Nami niliachiwa jina langu. Kazi zote nilizopata baada ya hapo, za Lokori, za kambini, za hapa na pale, nilizipata kwa sababu watu wa Kaaleng walisema msichana yule hana hila. Kila mawingu yalipotanda, simu ililia, ni Madam. Salamu hakuna. "Hori la nne?" Namwambia limejaa. "Haya," na kukata. Nilimwambia mara ngapi aje tukamwone nyanya, tumwombe? "Aliniambia nisikanyage," alijibu. "Hakuniambia nisikanyage mpaka nijisikie."

Akastaafu, akafanyiwa upasuaji wa macho, akabaki Lodwar katika nyumba yake ndogo yenye ukuta wa bluu. Tulikuwa tumedhani atarudi alikotoka, wala hatukujua ni wapi. Alisema hana safari.

Msimu uliopita mvua ilinyesha vizuri. Nilikwenda Kaaleng kusafisha paneli, na nikiwa natoka, nyanya akanizuia kwenye gari. Amezeeka sana, anashikwa mkono. Kijana wake alikuwa amebeba mbuzi jike, mweupe mwenye madoa, ana mimba.

"Huyu ni wa mwalimu wako," nyanya aliniambia. "Mama yake alikunywa kwenye hori langu, na yeye akanywa hapo. Mwambie anatoka kwangu. Mwambie mwenye mbuzi kwangu ni mtu wa kwangu, haulizi ruhusa ya kuja. Akimkataa, mrudishe, na wewe usinisalimie tena."

Nilisafiri na mbuzi yule siku mbili, nikilala kwangu Kakuma katikati, njia nzima nikijiuliza kama atampokea. Nilimjua Madam. Nililiona gunia la samaki likirudi mlangoni.

Nilimkuta amekaa barazani anatengeneza redio ya jirani. Nikashusha mbuzi. Akasimama nyuma ya kiti.

"Hiyo ni nini?"

"Mbuzi, Madam."

"Naona ni mbuzi, macho yangu yamepona. Ya nini?"

"Umeletewa."

"Sipokei zawadi, Akiru. Unanijua. Mrudishe ulikomtoa, na umtoe karibu na miguu yangu."

Basi nikapandwa na hasira za miaka yote, za ule uji, za kile kitanda kilichokuwa tupu. "Hapana!" nikamfokea mwalimu wangu mwenyewe, mpaka jirani akachungulia. "Leo utanyamaza unisikilize! Huyu si wangu. Ametoka kwa nyanya wa hori la nne!"

Redio ikamponyoka, ikaangukia kiti.

"Alisemaje?" akauliza. "Yote. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwambia, neno kwa neno, kuhusu mama wa mbuzi, na mtu wa kwangu, na ruhusa, na hata ile ya kutosalimiwa tena. Nilipomaliza alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amevua miwani, analia, bila kujificha, kama watu wengine wanavyolia. Sikuwahi kumwona hivyo. Nami nikakaa chini nikalia pamoja naye, na mbuzi akaanza kula kamba yake.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa kamba. Mbuzi alivuta, Madam akashtuka, lakini hakuiachia. Alimtazama yule mnyama kwa hofu kubwa na mapenzi makubwa kwa pamoja. Akamwita jirani aje amfunge kivulini na ampe maji, akamweleza mara mbili kwamba ana mimba.

"Nitamwambia nyanya umempokea," nikasema. "Nitamfikishia asante yako."

"Asante yangu utaifikishaje wewe?" akasema, akiingia ndani. Alitoka amevaa viatu vya safari na leso mabegani, anafunga mlango kwa ufunguo. "Gari lako lina mafuta?"

"Nusu tangi, Madam."

"Basi tutaongeza Kakuma," akasema, akafungua mlango wa mbele akapanda.